Ukurasa Mweupe

Kila Jumanne na Alhamisi, kengele ya mwisho ikishalia, Nabwile hakwenda uwanjani wala hakusimama langoni kupiga soga na wenzake wa gredi ya nane. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kompyuta, nyuma ya jiko la shule, akafunua mifuniko ya plastiki na kupangusa vumbi jekundu la Kitale ambalo hupenya hata madirisha yakifungwa. Kisha aliwasha kompyuta ya pembeni, ile yenye kibodi iliyofutika herufi, akaketi kabla wanachama wengine wa chama cha kompyuta hawajafika.

Jumanne hiyo alikuja na hamu kubwa kuliko siku zote. Malaria ilikuwa imemlaza nyumbani wiki nzima, na kitu alichokikumbuka kitandani kuliko masomo yote ni ukurasa wake wa tovuti.

Ulikuwa ukurasa wa kikundi cha wakulima cha Misikhu. Senge yake Phelista, dada ya babake, alikuwa katibu wa kikundi hicho. Kikundi kilikuwa na mashine moja ya kukausha mahindi, wakulima walikuwa wengi, na msimu wa kuvuna huja na mvua zake. Watu walibeba magunia kutoka mbali, wakifika wanakuta zamu si yao, mahindi yanabaki nje na kuota kuvu. Nabwile ndiye aliyemweleza Mwalimu Rosaline, mlezi wa chama, kwamba wangeweza kutengeneza ukurasa wa kuonyesha zamu za kila kijiji. Mwalimu alikubali. Nabwile aliuandika kwa HTML tupu, lugha ya msingi ya kurasa za tovuti, mstari baada ya mstari. Haukuwa mzuri wa kutazama: maandishi meusi, jedwali lenye mistari, basi. Lakini ulifunguka kwenye simu yoyote.

Sasa alibonyeza jina la ukurasa huo kwenye orodha ya kazi za chama, akangoja. Kilichotokea hakikuwa chake.

Juu palikuwa na picha ya shamba la mahindi yanayopepea. Zamu zilijitokeza moja moja, zikiteleza kutoka pembeni, kila kijiji na rangi yake. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa: "Imetengenezwa na Ramandeep."

Nabwile aliyasoma maneno hayo mara ya pili, na masikio yakaanza kuwaka moto.

"Niaje, Nabwile. Umepona?" Ramandeep aliingia akiwa ametupia mkoba begani. Alikuwa msichana mchangamfu, rafiki yake Nabwile tangu gredi ya nne. Wazazi wake walikuwa na duka la vipuri mjini Kitale, na kakake Harnam alikuwa chuoni akisomea mambo ya tovuti.

"Ukurasa wangu uko wapi?" Nabwile aliuliza bila kujibu salamu.

"Tuliubadilisha, ingawa wakulima bado wanatumia wako. Huu wa sasa ni wa React. Ni fremuweki, bana. Harnam anasema siku hizi hakuna mtu anaandika HTML tupu, hayo ni mambo ya watoto."

Fremuweki, kama watengenezaji wa tovuti wanavyoiita, ni mfano wa kiunzi cha nyumba kilichokwisha kusimamishwa na mafundi wengine. Wewe unakuja kutia kuta na madirisha yako. Nabwile alikuwa ameyasikia majina yake mengi, React, Vue, Angular, na hakuwa na ugomvi nayo. Kilichomchoma ni neno "watoto".

"Uliniuliza?"

"Si ulikuwa mgonjwa?"

"Nilikuwa mgonjwa, sikuwa nimekufa. Simu ya mama ipo. Ungepiga."

"Ati nikupigie simu na malaria yako nikuulize kuhusu fremuweki? Sikia, Nabwile. Wiki hiyo kikundi kilitaka zamu za vijiji viwili zibadilishwe, na hakuna mtu hapa alijua nenosiri lako. Tulikaa tukitazamana kama wajinga. Ndiyo maana tukaona..."

"Ndiyo maana ukaona uandike jina lako."

Ramandeep alitazama yale maandishi madogo chini ya ukurasa kana kwamba ndiyo kwanza anayaona. "Hayo nitayafuta," alisema.

"Yaache," Nabwile alijibu. "Yaache hapo hapo watu wayaone."

Mwalimu Rosaline alipoingia, aliwakuta wamegeuziana migongo. Alisikiliza pande zote mbili akiwa amesimama, maana siku hiyo alikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha. Akasema kweli ilikuwa makosa kubadilisha kazi ya mtu bila kumwambia. Lakini maonyesho ya shule mjini Bungoma yalikuwa yamekaribia, ukurasa mpya ulikuwa umependwa na wanachama wote, na jambo la busara lilikuwa kuendelea nao.

"Utajifunza React pole pole, Nabwile," alisema. "Wewe ni mwepesi wa kushika."

Nabwile aliitika kwa kichwa. Moyoni alikuwa akisema maneno ambayo asingethubutu kuyasema mbele ya mwalimu.

Nyumbani jioni alichukua simu ya mama yake, simu ndogo ya vibonyezo yenye intaneti ya kukwamakwama, kama zile walizokuwa nazo wakulima wengi wa Misikhu. Akafungua ukurasa mpya. Skrini ikawa nyeupe. Akangoja. Ikabaki nyeupe. Akazima, akafungua tena, na kwa mara nyingine hakuona hata neno moja.

Alielewa sababu mara moja. Ukurasa wake wa zamani ulikuwa ukifika kwenye simu ukiwa umekwisha kuandikwa, wa kusomwa tu. Huu mpya ulifika ukiwa vipande vipande pamoja na maagizo ya namna ya kuviunganisha. Simu kubwa iliviunganisha kwa kufumba na kufumbua. Simu ndogo ilishindwa, ikabaki imekodoa macho.

Mama yake alimwona amekaa na simu mkononi, midomo imekazana. "Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu."

Kitu kilikuwepo, tena kitamu kwa namna ya ajabu, kama mtu anayeramba kidonda. Waache, aliwaza. Si wamesema wangu ni wa watoto? Waache waone wenyewe.

Alhamisi Mwalimu Rosaline aliwakusanya wanachama na kuwaambia kwamba kuanzia siku hiyo kikundi cha Misikhu kitaacha ukurasa wa zamani na kutumia mpya. Senge Phelista atakuwa akiandika matangazo mwenyewe kutoka kwenye kompyuta ya ofisi yao.

"Mmeujaribu kwenye simu?" mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu," Ramandeep alijibu. "Kwenye simu ya Harnam unafunguka vizuri sana."

"Nabwile, wewe je? Kuna shida yoyote umeiona?"

Nabwile alihisi jibu likimjia hadi kwenye ulimi. Kisha akamwona Ramandeep akigeuka kumtazama, na hasira ikamkaba upya.

"Sina la kusema, Mwalimu."

Jumamosi Nabwile na babake walikwenda Misikhu kumsaidia senge kuvuna. Mvua ilikuwa imeanza alfajiri, si ya radi, bali ile ya kudondoka taratibu isiyo na haraka ya kuondoka. Walipokaribia kibanda cha mashine walisikia sauti za watu kabla ya kuwaona.

Magunia yalikuwa kila mahali, kwenye mikokoteni, nyuma ya bodaboda, mengine chini kwenye tope yakiwa yamefunikwa kwa vipande vya turubai visivyotosha. Mashine ilikuwa kimya, mkanda wake umekatika tangu juzi. Mbele ya mlango alisimama Senge Phelista, kitambaa chake cha kichwa kimelowa, akizungukwa na watu.

"Ungetuambia," alikuwa akisema Mzee Nehemiah, mkulima mrefu mwenye koti la mvua lililochanika. "Kama mashine imekufa, ungetuambia tubaki nyumbani na mahindi yetu. Mimi nimelipa mkokoteni kuleta mahindi kwa mvua."

"Niliandika, Mzee. Niliandika jana asubuhi kwenye ukurasa. Jumamosi mashine haitafanya kazi, msilete mahindi. Kwa kompyuta ya ofisi ninayaona maneno yangu mwenyewe."

"Uliandika wapi? Sisi tumefungua simu inakuwa nyeupe tu. Hao watoto wenu wa kompyuta wanatuchezea, na wewe unawachekea."

Watu wakaunga mkono. Mwanamke mmoja alisema katibu huyo afadhali aachie kazi wanaoijua. Mwingine akasema zamani, walipokuwa wakipitisha ujumbe kanisani, mambo haya hayakuwepo. Senge aliwajibu mmoja mmoja, lakini sauti yake ilikuwa ikipungua.

Kando ya ukuta alisimama mjane mzee, Mama Wamalwa, ameshika ncha ya turubai juu ya magunia yake kwa mikono miwili. Turubai lilikuwa fupi. Kila alipofunika upande huu, maji yalitiririka upande ule. Hakuwa akimlalamikia mtu. Alikuwa akihangaika na turubai tu.

Nabwile alimtazama. Kwa siku kadhaa alikuwa ameibeba hasira yake kama mtu anayebeba kaa la moto akitafuta wa kumrushia. Aliyemkosea alikuwa Kitale, pengine ameketi dukani kwao, mkavu. Hapa palikuwa na watu ambao hawakumkosea chochote.

Alimsogelea senge yake, akamvuta mkono. "Senge, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ukurasa haufunguki kwenye simu ndogo. Niliujaribu Jumanne kwa simu ya mama. Mwalimu aliniuliza, nikanyamaza."

Senge Phelista, maji yakimtiririka usoni, alimshika bega na kumgeuza kuwakabili watu.

"Waambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

Nabwile aliwaambia. Sauti ilimkatika katikati, akaanza upya. Alipomaliza, Mzee Nehemiah aliguna.

"Mtoto anaona nyumba inaungua, ananyamaza kwa sababu amegombana na mwenye nyumba," alisema. "Huyo achapwe."

"Hachapwi," senge alisema. "Anabeba. Nabwile, anzia kwa Mama Wamalwa. Yote yaingie ndani ya kibanda, na kisipotosha tutaomba ukumbi wa kanisa."

Alibeba, yeye na babake na vijana wa pale, hadi mabega yakamuuma na sketi ikaganda tope. Hakuna aliyemwambia asante. Na ingawa alijua hakustahili kuambiwa, hilo nalo lilimkasirisha, akashangaa jinsi moyo wa mtu unavyoweza kukasirika hata ukiwa na makosa.

Jumatatu, kabla ya gwaride la asubuhi, alimtafuta Mwalimu Rosaline na kumweleza yote. Mwalimu alimwita Ramandeep, akawapeleka wote wawili chumba cha kompyuta na kufunga mlango.

"Rudia," alimwambia Nabwile.

Nabwile akarudia. Ramandeep alisikiliza, uso ukizidi kuwa mwekundu.

"Tangu Jumanne?" alisema hatimaye. "Ulijua tangu Jumanne? Nilisimama pale mbele ya watu nikisema unafunguka vizuri, na wewe umekaa unanitazama?"

"Wewe ulichukua kazi yangu."

"Nilichukua, ndiyo. Nilikosea. Ungenitukana. Ungeniambia mbele ya kila mtu kwamba mimi ni mwizi, ningenyamaza. Lakini wewe uliniacha nidanganye watu bila kujua kwamba ninadanganya. Mama Wamalwa sijawahi hata kumwona, na sasa mahindi yake yameharibika kwa jina langu. Jina langu ndilo liko pale chini, Nabwile."

"Jina ambalo ulijiandikia mwenyewe."

"Nyamazeni," Mwalimu Rosaline alisema. Alikuwa amekasirika kiasi cha kuwatisha, maana hawakuwahi kumwona hivyo. Alifungua msimbo wa ukurasa mpya, yale maagizo yaliyouunda, kwenye kompyuta, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Ramandeep. Mstari huu unafanya kazi gani?"

Ramandeep aliusoma. Akausoma tena. "Harnam ndiye aliniambia niuweke hapo."

"Na huu?"

"Huo pia ni wa Harnam."

"Basi jina la chini lingekuwa la Harnam. Umejifunza kunakili, hujajifunza React."

Kona ya mdomo wa Nabwile ilianza kupanda. Mwalimu aliiona.

"Usicheke, wewe. Ukurasa wako ulikuwa nyumba ya mlango mmoja, na ufunguo uko mfukoni mwako. Ulipougua, kikundi kizima kiliugua nawe. Ramandeep alikueleza hilo, hukutaka kusikia. Kila zamu ikibadilika, ni lazima uandike jedwali upya kwa mkono, na mara mbili nimekuta umekosea majina ya vijiji." Akavuta pumzi. "Na mimi je? Mimi niliuliza maswali badala ya kutoa simu yangu ndogo mfukoni nikaangalia. Sote watatu tumewalowesha watu."

Alichukua chaki, akaandika ubaoni: Nani anasoma? Anasoma kwa kifaa gani? Nani anaandika? Akawapa chaki wao.

"Jibuni hayo kwanza. Mkishajibu, ndipo mniambie ni chombo gani kinafaa. Watu huchagua fremuweki kwa sababu kaka kaisifu, au kwa sababu wameiona inang'aa. Wengine huikataa kwa sababu ni ya mtu waliyemkasirikia. Hakuna kati ya hao aliyechagua."

Waliandika majibu wakiwa wamesimama mbali mbali. Wanaosoma ni wakulima. Wana simu ndogo na mtandao hafifu. Anayeandika ni katibu, kwenye kompyuta ya ofisi, na wakati mwingine ni mwanachama yeyote wa chama.

Walipoyaona majibu yote ubaoni, hata hasira zao hazikuweza kuwazuia kuona. Wakulima walihitaji ukurasa mwepesi unaofika ukiwa umekwisha kuandikwa, kama ule wa Nabwile. Katibu alihitaji mahali pa kubadilisha zamu kwa urahisi bila kugusa msimbo, na hapo React ingefaa sana.

"Basi kazi ni hii," mwalimu alisema. "Ramandeep ataandika ukurasa wa wakulima kwa HTML, kwa mikono yake, bila Harnam. Nabwile atatengeneza sehemu ya katibu kwa React. Kila mmoja atamfundisha mwenzake anachokijua. Si lazima mpendane. Ni lazima mfundishane."

Hawakupendana wiki hiyo. Ramandeep aliuliza, "Hili jedwali linafungwaje?" na Nabwile akajibu kwa maneno matatu. Nabwile aliuliza, "Hii inamaanisha nini?" na Ramandeep akasema hajui, na ikawabidi wasome pamoja maelezo kwenye tovuti ya React, vichwa vimekaribiana na nyuso zimekunjwa. Ilikuwa kazi ngumu. Nabwile aliandika, ikakataa. Akaandika tena, skrini ikajaa maandishi mekundu ya makosa. Alitaka kusema fremuweki hii ni upuuzi mtupu. Lakini siku moja alielewa kwamba angeweza kuandika kipande kimoja cha zamu, kipande kimoja tu, na React ikakirudia kwa kila kijiji yenyewe. Alibadilisha jina la kijiji mahali pamoja, likabadilika kila lilipokuwa.

Alikaa akilitazama. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akiandika yale majedwali kwa mkono, mstari baada ya mstari, akijiona hodari.

"Ni nzuri," alisema bila kumtazama mtu.

"HTML yako pia ni nzuri," Ramandeep alijibu kutoka upande wa pili. "Nimeijaribu kwa simu ya mlinzi wa duka letu. Imefunguka kabla sijamaliza kupumua."

Jumamosi iliyofuata Nabwile alikwenda tena Misikhu. Alipofika alishangaa kumkuta Ramandeep, ameletwa na babake kwa gari la duka, ameketi tayari kwenye mkeka wa Mama Wamalwa na ungo magotini. Mahindi yaliyolowa yalikuwa yamepata joto ndani ya magunia na kuota kuvu ya kijani. Kazi ilikuwa kuchambua, mazima huku, mabovu kule.

Rundo la mabovu lilikua kuliko la mazima.

"Haya si tunaweza kuwapa kuku?" Ramandeep aliuliza.

"Hapana, mwanangu," Mama Wamalwa alisema. "Hiyo kuvu ina sumu. Tulifundishwa kwa mkutano. Inaua kuku, na mtu akikula inaharibu maini polepole mpaka siku anaanguka. Hiyo tunachimbia shimo."

Waliendelea kuchambua. Vidole vyao vilinuka uvundo. Baadaye Nabwile alisema, "Mama, unisamehe."

Mama Wamalwa alitupa punje chache kwenye rundo la mabovu. "Mimi sijui hiyo kompyuta yenu," alisema. "Mimi niliomba mtoto wa jirani aniangalilie kwa simu. Ikakaa nyeupe. Nikasema, kama hakuna neno, basi zamu yangu iko. Nikaita mkokoteni." Alitikisa ungo wake. "Nimekusamehe. Lakini nina hasira. Nitakuwa nayo mpaka nivune tena. Chambua."

Nabwile aliinamisha kichwa akaendelea. Ramandeep alimsogezea ungo wake uliokuwa na nafasi zaidi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ukurasa, walitazamana bila kukunja nyuso.

Siku ya maonyesho walisafiri hadi Bungoma. Ukumbi ulijaa shule kutoka kila upande, meza zimepangwa, nyaya zimetambaa sakafuni. Majaji watatu walipita meza hadi meza. Walipofika kwa wanafunzi wa Kitale, mmoja wao, kijana aliyevaa tai nyembamba, alitazama ukurasa wa wakulima akatabasamu kidogo.

"Mbona huu unaonekana wa kizamani? Fremuweki nzuri zipo nyingi. Hamkufundishwa?"

Nabwile alihisi lile joto la zamani likimpanda shingoni. Alifungua mdomo, lakini Ramandeep alikuwa amekwisha kutoa simu ya vibonyezo na kumpa yule jaji.

"Tafadhali ufungue kwa simu hii," alisema kwa heshima. "Mimi niliwahi kuutengeneza kwa React wote, kwa sababu nilitaka uonekane mzuri. Wakulima wakaona nyeupe tu, na mahindi yao yakalowa. Sehemu ya katibu ndiyo ya React. Mwenzangu atakueleza kwa nini inafaa pale na haifai hapa."

Nabwile alimeza hasira, akaeleza. Jaji alifungua ukurasa kwa ile simu ndogo, akabonyeza, akasoma zamu, akabonyeza tena. Tabasamu lilimtoka usoni na akaanza kuuliza maswali ya kweli.

Hata hivyo hawakushinda. Kombe lilikwenda kwa shule iliyotengeneza kengele ya kujilia yenyewe, na wao wakapewa cheti cha kushiriki. Nabwile alitoka nje ya ukumbi akaketi ngazini, kidevu mikononi. Ramandeep akaja akaketi karibu naye.

Senge Phelista, ambaye alikuwa amekuja kutoka Misikhu kuwatazama, aliwakuta hapo.

"Umekasirika tena," alimwambia Nabwile.

"Ndiyo, Senge. Kazi yetu inatumiwa na watu kila siku. Ile kengele italia wapi?"

"Kasirika. Sikukatazi. Mtu akikunyang'anya kazi, kasirika. Ukishindwa wakati ulistahili kushinda, kasirika, kesho urudi kwenye kompyuta yako." Senge aliketi ngazi ya juu yao, akakunja leso yake magotini. "Watu wetu husema hasira hasara, lakini hawasemi hasara inampata nani. Wewe uligombana na Ramandeep. Aliyezika mahindi yake shimoni ni Mama Wamalwa, ambaye hata hiyo fremuweki hawezi kuitamka. Kwa hiyo siku nyingine ukijua kuna shimo njiani, sema kwanza shimo liko wapi. Ukishasema, gombana na umtakaye mpaka uchoke."

Akamgeukia Ramandeep. "Na wewe, binti yangu. Ukitaka kubomoa nyumba ya mwenzako umjengee nzuri zaidi, bisha hodi kwanza. Na chombo usichokielewa, hata kiwe cha dhahabu, usiwape watu wakitegemee."

"Nimesikia, Shangazi," Ramandeep alisema.

"Nitasema kwanza, Senge," Nabwile alisema. Hasira bado ilikuwepo kifuani, lakini safari hii haikumziba mdomo. Alisimama, akampa Ramandeep mkono kumwinua, wakarudi ukumbini kukunja nyaya zao.